Muziki wa Bure Mtandaoni: Kuvumilia Matangazo, Kuyazuia au Kulipia?

Ramadhani iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi pale Mikindani, zikiwa zimebaki kama dakika arobaini kufika futari, na spika ndogo iliyoning'inizwa juu ya kioo ilikuwa ikitoa kaswida. Kaswida ilipokwisha, kabla nyingine haijaanza, sauti ya mwanamume ikatoka kwa kishindo ikitualika tuweke mkeka wa kubashiri mechi za usiku ule. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akainamisha kichwa. Kinyozi akaweka mashine chini, akapunguza sauti haraka, kisha akanigeukia, kwa kuwa anajua kwamba kazi yangu ni kuuza na kutengeneza simu mjini Mtwara, akaniuliza: "Kaka, hivi hili naliondoaje?"

Swali hilo huletwa dukani kwangu karibu kila wiki, na wanaoliuliza huwa wameshasikia majibu matatu: vumilia, weka kizuia matangazo, au lipia. Nitayalinganisha hapa kwa mizani ya mtu anayeishi Mtwara au Lindi, anayenunua bando la siku au la wiki, na ambaye simu yake ya muziki ndiyo hiyohiyo inayobeba pesa zake.

Kwanza ifahamike kwamba neno "bure" lina maana tofauti kwa kila huduma. Spotify, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 2006 na kufunguliwa rasmi Tanzania Februari 2021, humruhusu asiyelipa kusikiliza kwa kukatizwa na matangazo ya sauti, lakini haimruhusu kupakua nyimbo ili azisikilize bila mtandao. Kwa miaka mingi msikilizaji wa aina hiyo kwenye simu alipangiwa nyimbo kwa mchanganyiko na aliweza kuruka sita tu kwa saa. Septemba 2025 kampuni hiyo ililegeza sharti hilo, ikamruhusu kuchagua wimbo anaoutaka, ingawa bado kwa kipimo. Boomplay, iliyozinduliwa mwaka 2015 na ambayo wengi wetu tuliikuta imeshawekwa ndani ya simu za Tecno, Infinix na itel, nayo ina ngazi ya bure yenye matangazo na ngazi ya kulipia. Audiomack, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012, huruhusu hata asiyelipa kupakua baadhi ya nyimbo, na hilo kwa mtu wa Nanyumbu au Liwale ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana kwa mtu wa Dar es Salaam. YouTube inajulikana na kila mtu, lakini kwa asiyelipia muziki hukatika pale kioo cha simu kinapozimwa, na kinachosafiri ni picha pamoja na sauti.

Sasa tuje kwenye bando, kwa sababu ndilo jambo ambalo watu hulitaja kwanza wanapotaka kizuia matangazo. Husema: "Matangazo yananimalizia MB." Kauli hiyo ina ukweli upande mmoja na upotofu upande mwingine, na hesabu yake si ngumu. Sauti inayosafiri kwa kilobiti 96 kwa sekunde hutumia takribani MB 43 kwa saa. Kwa kilobiti 160 ni MB 72, kwa kilobiti 320 ni MB 144, na kwa kiwango cha chini kabisa cha Spotify, yaani kilobiti 24 hivi, ni kama MB 11 tu. Tuchukulie kwamba ndani ya saa moja umesikilizishwa matangazo ya dakika tatu nzima. Kwa kilobiti 96 dakika hizo tatu ni MB 2 na kidogo. Hizo ndizo utakazookoa ukifanikiwa kuyazuia yote. Lakini ukiingia kwenye mipangilio ya programu na kushusha ubora wa sauti kutoka kilobiti 160 hadi 96, unaokoa karibu MB 29 kwa saa hiyohiyo, bila kuvunja sharti la mtu yeyote na bila kuweka kitu kigeni ndani ya simu. Nimewafanyia watu wengi mabadiliko hayo pale kaunta, na kwa spika ndogo za mkononi au zile za bodaboda, sijaona aliyerudi kulalamika kwamba sauti imeharibika.

Kwa YouTube hesabu inageuka. Tangazo la video la sekunde 30 linalosafiri kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni karibu MB 3.75, ambazo ni nyingi kuliko wimbo mzima wa dakika nne kwa sauti ya kilobiti 96, ambao hauzidi MB 3. Kwa hiyo anayelalamika kwamba matangazo ya YouTube yanamla bando ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, video zenyewe humla zaidi ya matangazo yake, na dawa ya kwanza kwa mtu anayetaka kusikiliza tu ni kuhamia kwenye programu ya sauti, au kushusha ubora wa video hadi 144p, kabla hajafikiria kuzuia chochote.

Kuhusu kuzuia kwenyewe, watu hulitumia neno moja kwa vitu vinne tofauti, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna viendelezi vya kivinjari, kama Adblock Plus cha mwaka 2006 na uBlock Origin cha mwaka 2014. Hivi hufanya kazi kwa orodha ndefu za anwani zinazojulikana kuwa ni za matangazo, mojawapo ikiwa EasyList, na ukurasa unapotaka kuita anwani iliyomo kwenye orodha, kivinjari hukataa. Ni njia iliyo wazi, na anayefanya kazi ya steshenari kwenye kompyuta hupata nafuu kubwa katika kusoma habari. Lakini kuanzia mwaka 2024 Chrome ilibadilisha kanuni za viendelezi vyake, na uBlock Origin ya awali ikaanza kuzimwa humo, ingawa kwenye Firefox inaendelea. Zaidi ya hayo, kiendelezi cha kivinjari hakigusi programu ya muziki iliyo kwenye simu, na watu wengi huku Kusini hatumiliki kompyuta.

Kuna njia ya DNS, yaani mfumo ambao simu huutumia kutafuta anwani za mtandao. Tangu Android 9, iliyotoka mwaka 2018, simu ina sehemu ya kuweka DNS ya faragha, na ukiandika humo anwani ya seva inayochuja matangazo, programu inapouliza "tangazo lipo wapi?" hujibiwa kwamba hakuna mahali kama hapo. Ni sawa na kulifuta jina la mtu kwenye kitabu cha simu. Inasaidia kwenye michezo na kurasa za habari. Kwenye muziki haisaidii sana, kwa sababu pale tangazo linapotoka kwenye seva zilezile zinazotoa wimbo, kama inavyokuwa YouTube, huwezi kulifuta jina hilo bila kuufuta na wimbo.

Kuna programu zinazojiweka ndani ya simu kama VPN ili kila kinachoingia na kutoka kipitie kwao kwanza. Baadhi huchuja humohumo ndani ya simu na hazipeleki data yako popote, nyingine hupeleka kila kitu kwenye seva ya mtu usiyemjua. Kwa mtumiaji wa kawaida zote huonyesha alama ileile ya ufunguo juu ya kioo, na sioni njia rahisi ya yeye kuzitofautisha. Ikumbukwe pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watu na makampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN wazitolee taarifa.

Na kuna toleo lililochakachuliwa, ambalo kwa kweli ndilo wateja wangu humaanisha wanaposema "niwekee ile isiyo na matangazo". Hili ni faili la APK, yaani la kuweka programu kwenye simu ya Android bila kupitia duka rasmi, linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram: mtu ameifungua programu halisi, ameondoa sehemu zinazoleta matangazo, ameifunga tena na kuisambaza. Nembo ni ileile, rangi ni zilezile, na kwa siku za mwanzo hufanya kazi vizuri kabisa.

Mwaka huu kijana mmoja anayeuza samaki Feri aliniletea simu iliyokuwa ikipata moto mfukoni hata asipoitumia. Nilipofungua orodha ya ruhusa, nikakuta programu yake ya "muziki" ina ruhusa ya kusoma meseji na ya kujionyesha juu ya programu nyingine. Nikamgeuzia kioo ili ajionee mwenyewe. Programu ya kucheza nyimbo haina kazi yoyote na meseji zako, lakini meseji ndizo zinazobeba namba za uthibitisho za benki, salio la M-Pesa au HaloPesa, na taarifa kwamba malipo ya korosho yameingia. Tuliifuta, tukabadilisha namba ya siri ya akaunti yake ya pesa pamoja na neno la siri la barua pepe, na hakuna kilichokuwa kimeibiwa. Siwezi kusema kwamba kila toleo la aina hiyo ni la wizi. Ninachoweza kusema ni kwamba asiyejua nani alilifunga faili hana namna ya kujua ameweka nini ndani yake, na katika mkoa ambao mkulima wa Tandahimba au Newala hupokea mapato ya mwaka mzima ndani ya wiki chache za minada, simu yenye faili la namna hiyo ni hatari isiyolingana na usumbufu wa dakika tatu za matangazo.

Wenye huduma nao hawakukaa kimya. Machi 2018 Spotify ilieleza kwamba watu wapatao milioni 2 walikuwa wakitumia programu zilizobadilishwa ili wasisikie matangazo bila kulipa, na mwaka uliofuata ikaandika waziwazi katika masharti yake kwamba kuzuia matangazo kunaweza kusababisha akaunti kufungwa. YouTube ilianza mwaka 2023 kuwazuia kuendelea kutazama watu wenye vizuizi kwenye vivinjari, na Aprili 2024 ikatangaza kwamba hatua hizo zitazigusa pia programu za watu wengine. Vanced, toleo lililokuwa maarufu kuliko yote la kutazama YouTube bila matangazo, lilikuwa limeshafungwa Machi 2022 kwa shinikizo la kisheria. Mwenye akaunti ya Google aliyoitumia miaka kumi, yenye picha za wanawe na namba zote za simu, afikirie mara mbili kabla ya kuiingiza kwenye programu ya namna hiyo.

Kuna na upande wa msanii. Spotify hugawa takribani theluthi mbili ya mapato ya muziki kwa wenye haki, na mapato hayo hutoka katika vyanzo viwili: ada za wanaolipia na fedha za matangazo. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa na watumiaji milioni 675 kwa mwezi, na wanaolipia kati yao walikuwa milioni 263. Kwa mwaka mzima mapato yake yalikuwa yuro bilioni 15.67, na matangazo yalichangia bilioni 1.85 tu, yaani karibu asilimia 12. Maana yake ni kwamba sisi tusiolipa ni wengi zaidi lakini tunaingiza kidogo sana, na tunapoyazuia matangazo hata hicho kidogo tunakiondoa. Tangu mwaka 2024, tena, wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili haulipwi kabisa katika huduma hiyo. Nyota wa Dar es Salaam hatalisikia pengo la msikilizaji mmoja. Kijana wa Masasi anayechanganya singeli na mdundo wa sindimba, anayehangaika kufikisha hiyo elfu moja, analisikia. Ndiyo maana ninapoulizwa na mtu anayempenda msanii wa nyumbani, humwomba amsikilize kwa njia halali, hata kama ni ile ya bure yenye matangazo.

Nisieleweke kwamba ninayatetea matangazo yote. Yapo yanayodhuru, na si kwenye muziki peke yake bali kwenye simu kwa jumla: ya kubahatisha, ya dawa za ajabu, ya mikopo ya dakika tano. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kidijitali bila leseni, na nimewaona mama lishe wawili waliozijua programu za namna hiyo kwa kubonyeza tangazo lililowatokea wakiwa wanafanya jambo jingine. Mzazi anayempa mtoto simu ana sababu ya kweli ya kuyakimbia. Kwa hali hiyo yapo mambo mawili ya halali ambayo watu hawayajui. La kwanza ni kituo cha mipangilio ya matangazo ya Google, ambamo unaweza kuomba upunguziwe matangazo ya kamari, pombe na baadhi ya mada nyingine. La pili ni kuzima mtandao kabisa wakati wa kusikiliza nyimbo zilizokwisha kupakuliwa.

Hapo ndipo kulipia kunapoonyesha thamani yake, na kwa maoni yangu thamani hiyo kwetu haitokani na kuondoa matangazo bali na kupakua. Anayelipia Spotify anaweza kuhifadhi hadi nyimbo 10,000 kwenye kila kifaa, kwa vifaa visivyozidi vitano, ilimradi aingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 96 huupakua mara moja kwa MB 3 hivi, kisha huusikiliza hata mara mia bila kugusa bando. Programu za bure nazo huweza kuhifadhi vipande vya nyimbo kwa muda, lakini huwezi kujua ni lini zitavifuta, kwa hiyo si jambo la kutegemea safarini. Aliyesafiri kwa basi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam anajua vipande vya barabara ambavyo simu haishiki kitu. Aliyeko kandokando ya Ruvuma anajua jinsi simu inavyojishikiza kwenye mtandao wa Msumbiji bila kuombwa, na huyo nampa ushauri wa ziada: azime data ya nje ya nchi kabla hajabonyeza wimbo wowote. Na Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi, kisha tarehe 12 mwezi huohuo hitilafu ya nyaya za baharini ikaipunguza intaneti karibu nchi nzima, walioendelea kusikiliza walikuwa wale wenye nyimbo ndani ya simu.

Kikwazo cha kulipia ni namna ya kulipa. Wengi hatuna kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, kwa hiyo kabla ya kuchagua huduma, fungua ukurasa wake wa malipo uone kama unapokea pesa za simu au kadi ya mtandaoni inayotolewa na mtandao wako. Angalia pia kama malipo hujirudia yenyewe kila mwezi, na uzime kipengele hicho ikiwa unataka mwezi mmoja tu. Mimi hulipia wakati wa msimu wa korosho, biashara inapokuwa nzuri na ninaposafiri sana kwenda Newala, kisha hurudi kwenye ya bure masika yakianza. Sioni aibu katika kuingia na kutoka.

Kama ningelazimika kumchagulia mtu bila kumwona, basi anayesikiliza nyumbani mjini, kwa saa moja au mbili kwa siku, ningemwambia abaki na ngazi ya bure ya programu ya sauti, ashushe ubora, avumilie matangazo. Dereva wa basi dogo, mvuvi anayelala baharini, mwalimu aliyepangiwa kijiji kisicho na mtandao imara, hao ningewaambia walipie hata kwa miezi michache, au watumie huduma inayoruhusu kupakua bure. Anayefanya kazi kwenye kompyuta atumie kiendelezi kwa kurasa za kawaida akitaka, lakini akiruhusu matangazo kwenye tovuti ya muziki anayoipenda. Faili la APK la kwenye grupu simshauri yeyote. Na memori kadi ya kujaziwa nyimbo sokoni, ambayo bado ina wateja wengi, haina matangazo wala haili bando, lakini haimpi msanii hata senti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haiiruhusu bila idhini ya mwenye kazi.

Nikirudi kwa kinyozi, jibu lake lilikuwa gumu kuliko alivyotarajia, maana masharti ya huduma hizi, za bure na za kulipia, ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Hata angelipia ili kaswida zisikatizwe, akaunti hiyo isingemhalalishia kupiga muziki mbele ya wateja, kwa kuwa kupiga muziki hadharani kwenye sehemu ya biashara kunahitaji leseni ya hakimiliki. Nilimshauri aanze kwa kumuuliza afisa utamaduni wa halmashauri. Yeye akanisikiliza, akamaliza kuninyoa, akanifuta shingo kwa kitambaa, akanyamaza. Siku nne baadaye nilipita pale, spika ikiwa inaimba. Vijana wa madrasa ya mtaani kwao walikuwa wamerekodi kaswida zao wenyewe kwa simu, wakamletea mafaili kumi na moja na kumwambia azipige kwa watu kadiri atakavyo. Data ya simu yake ilikuwa imezimwa, na yule mzee alikuwa kwenye kiti, akifuatisha maneno kwa midomo bila sauti.